Salamu Zilizoziba Njia ya Habari

Sumbawanga,
Mwezi wa Saba

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Na mama mfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua amekaa ubavuni mwako anakuuliza mtoto kasema nini. Mimi ni mzima. Ninakula vizuri, ninalala vizuri, na kile kifua kilichokuwa kinanisumbua kimepona tangu niliponunua sweta zito la mtumba hapa sokoni. Baridi ya huku mwezi huu si ya kuisimulia mtu wa Korogwe akaiamini. Je, miguu yako bado inavimba? Na presha ya mama? Nataka majibu ya kweli, si lile la "sisi sote wazima" unaloandika kila mara, halafu baadaye nasikia kwa watu kwamba ulilazwa.

Barua yako niliipata wiki iliyopita. Nimeisoma, nikaikunja, nikaifungua nikaisoma tena. Umeandika kwamba chuo cha uchapaji cha rafiki yako hapo Korogwe kinatafuta mwalimu wa kompyuta, kwamba umeniombea nafasi na watanishikia mpaka muhula mpya uanze. Umeandika pia kwamba nimekuja huku kukilea kitu kilichokula kazi yako ya posta, yaani hizi barua pepe. Hilo la pili limeniuma, baba. Sijakasirika, lakini limeniuma, na sitaki kulijibu juu juu. Ngoja nikueleze kwanza nilichokuwa nafanya tangu mvua zilipokatika, na jibu langu utalikuta mwishoni. Najua tabia yako, usiruke kurasa.

Unakumbuka nilikwambia kwamba muungano wa vikundi vya wakulima ulionichukua uliniweka kwa majaribio. Zamani mahindi ya huku yalikuwa na mnunuzi mmoja, watu wakilalamika lakini wakimjua. Siku hizi soko ni huria, kila mwenye lori ni mnunuzi, na kila mmoja anakuja na mzani wake na maneno yake. Mtu wa Mollo anauza bila kujua kule Kasesya mpakani kumeamkaje. Mtu wa Muze, kule chini bondeni, hajui hata Mollo wameuzaje. Ndipo muungano ukaona utafute kompyuta chache zilizotumika, sola, na redio za upepo, zile za kuitana kituo kwa kituo, ili habari zitembee kwa barua pepe kutoka kituo hadi kituo. Kila kituo kina msomaji mmoja anayezifungua na kuwasomea wenzake. Barua zikipita kwenye redio zinakwenda polepole sana, moja baada ya nyingine, lakini zinafika. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mtu mmoja akiandika, wote wanapata.

Mwenyekiti wetu anaitwa Mzee Apolinari, mkulima wa mahindi na ulezi, mtu wa kanisani, mrefu, mpole wa sauti. Siku ya kwanza alinikaribisha chai, akaniuliza habari za nyumbani mpaka nikaishiwa na ndugu wa kuwataja, kisha akaniambia huku akitabasamu, "Binti, malori yakianza kupakia na barua zako bado hazijaanza kutembea, tutakushukuru na kukusindikiza stendi." Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi, nikijua kabisa kwamba nisipoweza kabla ya msimu wa kuuza, nimekwisha.

Sasa baba, wewe umefanya kazi posta maisha yako yote, kwa hiyo nitakueleza kwa lugha ya posta. Kompyuta kubwa iliyopo ofisini, tunayoiita seva, ndiyo chumba cha kuchambulia barua. Barua inaingia, seva inasoma anwani, inaitia kwenye sanduku la mwenyewe. Hiyo haikunipa shida. Shida ni orodha. Orodha ni anwani moja isiyo na mtu nyuma yake. Ukiiandikia, barua yako inatakiwa inakiliwe na kupelekwa kwa kila aliyejiandikisha. Kazi hiyo inafanywa na programu nyingine kabisa, iliyoandikwa na watu wengine, ambayo haijuani na seva. Hizi mbili zinatakiwa zikae nyumba moja na kupeana barua mkononi, na ni mimi niliyetakiwa kuzikutanisha.

Nilizikutanisha, zikagoma. Seva ilikuwa inabeba barua mpaka mlangoni pa programu ya orodha, na programu inaikataa. Unamkumbuka yule mlinzi uliyekuwa unatusimulia, aliyekataa kupokea mifuko kwa dereva wa zamu kwa sababu hakuwa mmoja wa wale anaowajua, mvua inanyesha na mifuko inalowa? Ndivyo ilivyokuwa. Programu ilipojengwa iliambiwa itarajie barua kutoka kwenye mkono wa jina fulani, na seva yetu ikawa inakuja na jina lingine, jina la mtu asiye na cheo chochote. Mlinzi hana kosa, dereva hana kosa. Aliyekosea ni yule ambaye hakuwatambulisha, na huyo ni mimi.

Kibaya zaidi, barua ikikataliwa inarudi kwa aliyeiandika, na inarudi na maneno makali ya Kiingereza. Barua ya kwanza kabisa ilikuwa ya Mzee Apolinari mwenyewe. Alikuwa ameikalia asubuhi nzima akiitunga. Ikarudi. Akampa mwalimu mmoja amtafsirie, mwalimu akamwambia imeandikwa kwamba umekataliwa, mtumaji hatambuliki. Nilimwona akiingia ofisini na kofia yake mkononi, akasimama, hakuketi. Akasema, "Mimi mwenyekiti, mashine niliyoisainia mwenyewe ndiyo inaniambia hainitambui?" Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nilimwomba radhi kwa niaba ya mashine, jambo ambalo sikulisoma darasani.

Nilimpigia simu rafiki yangu niliyesoma naye Dar. Akaniambia dawa ni rahisi, ondoa ukaguzi wote, acha mlango wazi, yeyote aingie. Ningeweza kumaliza siku ileile. Nilikataa, baba. Nilikukumbuka wewe na funguo zako, jinsi ulivyokuwa hutaki hata mama aguse mfuko wa barua uliopitia nyumbani. Habari za mahindi ya watu nisiziachie mlango wazi, halafu siku moja mchuuzi atie uongo wake humo, uende vituo vyote kwa jina letu. Nikajikaza kisabuni, nikaamua kuijenga ile programu upya tangu mwanzo, safari hii nikiitajia jina la mkono utakaoileta barua.

Kujenga upya kunachukua muda, na umeme wa huku una hasira zake. Ulikatika katikati. Nikaanza upya. Ukakatika tena, nikaanza upya tena, na jenereta ya ofisi ikakohoa ikazima. Kuna karani mwenzangu alinishauri nikapumzike, nikamwambia nitapumzika mahindi yakiisha shambani. Nilipofaulu mwishowe, nikaiandikia seva maagizo yake: barua za anwani hii usizitie kwenye sanduku, mkabidhi jirani yako, anakufahamu sasa. Nikatuma barua ya majaribio. Baada ya kitambo redio ikaanza kulia ile sauti yake ya vyura, na Mollo wakajibu kwamba wamepata. Kisha Muze. Kisha Kasesya. Nilikaa chini nikashika kichwa kwa furaha. Mzee Apolinari alipiga magoti kidogo akanipigia makofi ya taratibu, namna Wafipa wanavyomsalimia mtu wanayemheshimu, na mimi sikujua niweke wapi uso wangu.

Ningependa kukwambia kwamba mambo yaliishia hapo. Bado.

Lazima nikueleze kwanza jinsi watu hawa wanavyosalimiana. Sisi Korogwe tunajiona watu wa salamu, lakini huku tungeonekana wahuni. Mtu hapiti njiani akakutupia neno moja akaendelea. Anasimama, anainama, anapiga makofi, anakuuliza wewe, nyumba, watoto, ng'ombe, shamba, na wewe unamwitikia kila swali, halafu unamrudishia yote. Na kama mko kumi, kila mmoja anasalimiwa kwa zamu yake, na kila mmoja anaitikia. Kumwacha mtu bila kumwitikia ni kumtangazia ugomvi.

Mzee Apolinari, kwa furaha ile, akaandika barua ya kufungulia orodha. Hakuandika habari yoyote. Aliandika salamu, ukurasa mzima, akiwataja wasomaji wa vituo kwa majina na kuwaulizia watu wao. Nami nilikuwa nimeipanga orodha hivi: ukijibu, jibu lako linakwenda kwa wote. Nilidhani ni jambo zuri, watu wazungumze. Basi kila msomaji akajibu salamu ya mwenyekiti, na jibu likaenda kwa wote. Kila aliyepata jibu la mwenzake akaona naye amesalimiwa, lazima aitikie. Mama Gaudensia wa Mollo akamwitikia msomaji wa Muze, wa Muze akamwitikia wa Kasesya, wa Kasesya akamrudia Mama Gaudensia kuuliza hali ya mkwe wake. Wanakijiji nao wakaja vituoni kuomba salamu zao ziongezwe. Kila salamu ikazaa salamu, na zote zikapanga mstari kwenye ile redio inayopitisha barua moja moja.

Mwanzoni niliona ni jambo la kuchekesha. Nilicheka mpaka karani akacheka. Sikufikiri kwamba nyuma ya mstari ule kuna siku itakuja kusimama habari ya maana.

Ilikuja mapema kuliko nilivyodhani. Dismas, kijana anayewasaidia watu na makaratasi ya forodha kule Kasesya, na ndiye msomaji wetu wa pale, aliandika kwamba wanunuzi wa kutoka Zambia wamefika mpakani wanatafuta mahindi kwa bei nzuri, kwa hiyo watu wasiuze kwa pupa. Barua fupi, mistari mitatu. Iliingia kwenye mstari, ikasubiri nyuma ya salamu. Mollo iliwafikia ikiwa bado inafaa. Muze haikuwafikia. Huko kuna familia nyingi za wafugaji waliohamia kutoka Usukumani na ng'ombe wao, sasa wanalima pia, na msomaji wao ni Masunga, mtu mzima mwenye maneno machache. Siku hiyo mchuuzi mmoja aliteremka na lori lake mpaka Muze, akawaambia mahindi yameshuka bei kila mahali, wakamwuzia karibu yote. Jioni Masunga aliniita kwenye redio. Hakupaza sauti.

"Dada," akasema, "tumesoma salamu tangu asubuhi. Habari yenyewe imekuja lori limeshapanda mlima."

Nilimwomba msamaha, akasema haya, yamepita, akazima. Ningependelea anitukane. Nilijua ni kosa langu, si la salamu. Mtu anayepanga njia ndiye anayetakiwa kujua nini kitapita juu yake.

Kamati ikaitwa. Wasomaji wa vituo vya karibu wakaja wenyewe, na Masunga alipanda kutoka bondeni kwa lori la chumvi. Wajumbe wengine walisema mashine zifungwe, zirudishwe kwenye maboksi, katibu wa muungano arudi kuzungusha habari kwa pikipiki kama zamani. Wengine wakasema hapana, iwekwe sheria, atakayetuma salamu aondolewe kwenye orodha. Mzee Apolinari aliinamisha kichwa, maana aliyeanza kusalimia ni yeye. Ndipo Mama Gaudensia akasimama. Ni mama wa makamo, mkulima, mnene wa furaha, anayeimba kwaya. Akasema, "Mtu akinisalimia nisimwitikie kwa sababu ya sheria yenu, kesho nitamwomba jembe kwa uso gani? Afadhali mashine iondoke, salamu zibaki."

Watu wakaitikia kwa makofi. Nikaona kazi yangu inakwenda na maji mbele ya macho yangu. Nikasimama. Nikasema siombi mtu yeyote aache kusalimia, na mashine isiondoke. Nipewe muda mpaka mkutano ujao. Kosa ni kwamba nimepitisha kila kitu kwenye mfuko mmoja, na mimi ni mtoto wa mtu wa posta, nilitakiwa nijue. Mzee Apolinari akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia hakika sina, nia ninayo. Akawageukia wenzake, wakakubali, ila wakasema huo ndio muda wa mwisho, maana malori yalikwisha kuanza kuonekana barabarani.

Baba, usiku na mchana neno lako moja lilikuwa linanizunguka kichwani. Ulikuwa unatuambia kwamba kazi ya posta si kupeleka barua, kazi ni kujua ipi itangulie. Ule mfuko wa barua za haraka ulikuwa unauweka juu, karibu na mlango wa gari, ushuke wa kwanza hata kama umeingia wa mwisho. Nilikuwa mdogo na nikiona ni maneno ya mzee anayeipenda kazi yake tu. Huku ndiko nimeyaelewa.

Nikaigawa ile orodha mara mbili. Ya kwanza nikaiita Habari. Humo wanaandika wasomaji wa vituo peke yao, kwa ufupi, na ukijibu, jibu linakuja kwangu ofisini, haliendi kwa watu. Ya pili nikaiita Salamu. Humo kila mtu anaruhusiwa, aandike apendavyo, awataje mpaka wajukuu. Lakini barua za Salamu haziondoki moja moja. Programu inazikusanya kutwa, na jioni inazifunga pamoja kuwa furushi moja, kila kituo kinapata furushi lake mara moja. Kisha nikaiagiza seva kwamba barua ya Habari ikiingia, hata kama kuna nini kwenye mstari, itangulie kwenye redio.

Hata hapo halikukosa la kukwama. Siku niliyofungua Salamu, barua zote zikarudi kwa wenyewe na maneno kwamba anwani haijulikani. Mama Gaudensia akanipigia redio akaniuliza kama sasa hata Mungu hatambuliki, maana alikuwa amemtaja kwenye barua yake. Nilihangaika asubuhi nzima kabla sijagundua kwamba nimeiandika anwani mpya kwenye kitabu cha seva, lakini sikuiambia seva ikisome upya kile kitabu. Ilikuwa bado inafuata kile cha zamani. Nikaiambia, ikasoma, zikapita. Nimebandika karatasi ukutani sasa ya kunikumbusha, kwa maandishi makubwa, na kila anayeingia ofisini ananicheka.

Wiki ile watu wa Mollo walikuwa wamejipanga kupeleka mahindi yao wenyewe mpaka Kasesya, wasimngoje mchuuzi. Walikodi lori kwa pamoja, magunia yakaanza kupandishwa mapema asubuhi. Asubuhi hiyohiyo Dismas akaandika kwenye Habari kwamba mpaka umefungwa kwa mahindi, imekuja amri, malori yamezuiwa pale na hakuna anayejua mpaka lini. Jana yake ilikuwa sikukuu ya parokia, na salamu zilizokuwa zimekusanyika ofisini tangu usiku zilikuwa nyingi kuliko siku yoyote. Nilisimama mbele ya kompyuta. Barua ya Dismas ikaingia, ikazipita zote, ikaondoka. Redio ikalia. Mollo wakathibitisha wamepata. Muze wakathibitisha.

Yaliyotokea Mollo nimesimuliwa na Mama Gaudensia mwenyewe, na kila akisimulia anaongeza kidogo. Anasema aliifungua ile barua akiwa bado na unga mikononi, akaiandika kwenye karatasi, akatoka mbio mpaka kwenye lori, mama wa mwili ule. Vijana walikuwa wanaimba huku wakipandisha magunia. Akawasomea. Mwenye lori akabisha, akasema ni uzushi, kompyuta gani inayojua mambo ya mpakani, akawasha na injini ili waone aibu. Mama Gaudensia akamwambia aende peke yake basi, na magunia yashuke. Yakashuka. Siku mbili baadaye watu wa kijiji kingine ambao hawamo kwenye muungano wetu walirudi kutoka Kasesya wamelala juu ya magunia yao, wameuza mengine kwa bei ya kutupa ili wapate nauli ya kurudi. Hapo Mollo nzima ikaamini.

Jioni ya siku ile furushi la salamu nalo lilifika kama kawaida. Anasema watu walikaa mbele ya kituo, magunia yako salama ghalani, akawasomea salamu moja baada ya nyingine, na wao wakaitikia kwa makofi kila jina lilipotajwa, kana kwamba mtu mwenyewe yupo pale. Hakuna aliyekuwa na haraka. Nilipolisikia hilo, baba, machozi yalinitoka mbele ya wajumbe, sikujificha.

Mkutano ulipofika haukuchukua muda. Mzee Apolinari alisema majaribio yangu yamekwisha na kwamba nimeajiriwa, na mwakani wanataka vituo vingine viongezwe hadi kando ya Ziwa Rukwa. Masunga aliunga mkono wa kwanza. Yeye ndiye aliyepoteza, na yeye ndiye aliyeinua mkono kabla ya wote. Sijui kama mimi ningeweza.

Sasa lile jibu lako.

Najua ulichopoteza ulipopunguzwa kazini. Nilikuwepo siku uliyorudi nyumbani na sare yako imekunjwa mkononi, ukaitia sandukuni, na chakula cha jioni kikapoa mbele yako. Sitakwambia kwamba hukuonewa. Lakini naomba usiniambie kwamba nimekuja kukilea kilichokula kazi yako. Hawa watu wa Mollo, siku ile, waliokolewa na wewe ambaye hawajakuona. Mashine haikujua barua ipi itangulie. Ilipeleka upuuzi na maana kwa pamoja mpaka nilipoifundisha ulichonifundisha wewe. Kazi yako haijaliwa, baba. Inafanywa huku, na anayeifanya ni mtoto wako.

Kwa hiyo sirudi. Yule rafiki yako mshukuru sana kwa niaba yangu, na nafasi ile mwambie ampe mtu mwingine, asinishikie. Si kwamba nyumbani sipataki. Ningeweza kuja leo kwa ajili ya ugali wa mama na kuwaona ninyi. Lakini huku kuna vituo vinavyonisubiri, kuna njia ya Muze ambayo bado redio yake inakatika upepo ukivuma, na nimemwahidi Masunga kwamba hatasikia tena habari lori likiwa limeshapanda mlima. Nikiondoka sasa, anayekuja ataacha mlango wazi ili amalize haraka, na mimi nitajua. Kama unataka kunigombeza, njoo unigombeze huku ana kwa ana. Njoo mwezi wa Tisa, baridi ikipungua. Mzee Apolinari ameniambia chumba kipo, na anataka kumwona mtu aliyenilea. Nakuonya tu kwamba mkikutana mtasalimiana mpaka chai ipoe.

Mama nisalimie kwa namna ya pekee, mwambie nakula na sijakonda. Kaka Hamisi na shemeji, wale mapacha wao, na bibi mzaa mama hapo Muheza, kila mmoja umpe salamu yake kwa jina, usiwajumlishe. Shangazi aliyeniombea dua siku naondoka mwambie dua imefika. Na majirani wanaouliza kama Sumbawanga nimesharogwa, waambie bado, watu wa huku wana shughuli nyingi za shamba. Kifurushi cha maharage na unga wa ulezi nimempa kondakta wa basi la Mbeya akipandishe kwenye basi la huko, atakayekipokea stendi ya Korogwe ni Hamisi.

Soma barua hii taratibu, ukikasirika iweke, uisome tena kesho. Halafu uniandikie, hata kama ni mstari mmoja.

Ni mimi binti yako ninayekuheshimu, na kwa hili moja sitakutii,

Rehema